Mjeda aliyekabidhiwa Hazina: JK kabla ya Ikulu



Kuna ubishi hauishi vijiweni, eti Jakaya Kikwete alitolewa kambini moja kwa moja akapewa Wizara ya Fedha. Jamani, haikuwa hivyo. Ngoja niwape mtiririko.

JK alizaliwa Msoga, Bagamoyo, Oktoba 7, 1950. Mwaka 1975 alihitimu shahada ya uchumi pale Mlimani, akaingia kazi ya chama, TANU. Jeshini alipita chuo cha maofisa Monduli, na katikati ya miaka ya 80 akawa mkufunzi mkuu wa siasa hapohapo chuoni.

Mtauliza, mwanajeshi na siasa wapi na wapi? Enzi za chama kimoja ilikuwa ruksa, ofisa wa jeshi alikuwa pia mwanachama. Ndo maana mwaka 1988 JK aliteuliwa mbunge na naibu waziri, na 1990 akawa waziri kamili wa Maji, Nishati na Madini, huku bado ni ofisa wa jeshi! Mwaka 1992 vyama vingi vikaja, wanajeshi wakatakiwa kuchagua moja. Yeye akavua gwanda akiwa Luteni Kanali, akabaki na siasa.

Hazina aliingia 1994, akiwa na miaka 44. Hali ilikuwa mbaya. Mwaka huohuo wahisani walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi ya ovyo na kodi zisizokusanywa. Serikali ikipungukiwa, ilikuwa inakopa Benki Kuu, noti zinaongezeka mtaani, bei zinapaa.

Dawa anayohesabiwa JK ni bajeti ya fedha taslimu, yaani unatumia ulichokusanya tu. Ni kama kafe ya kulipia kwanza: nusu saa ikiisha, skrini inajifunga hata kama imeili hujamaliza. Pia sheria ya kuanzisha TRA ilipitishwa 1995, mamlaka yenyewe ikaanza kazi Julai 1, 1996.

Ila dawa hiyo ni chungu. Makusanyo ya mwezi yakiwa kiduchu, wizara inapata pungufu ya ilichopangiwa. Anayeumia ni mgonjwa anayesubiri dawa na mwanafunzi anayesubiri dawati.

Hazina hakukaa sana. Mwaka 1995 aliwania kuteuliwa na CCM kugombea urais, akaongoza raundi ya kwanza, Mkapa akamshinda raundi ya mwisho. Akaenda Mambo ya Nje miaka kumi, kisha Ikulu kuanzia 2005 hadi 2015.

Mimi naona hivi: tusidhani mjeda akikaa Hazina basi wezi watakoma. Amri ya paredi haikusanyi kodi. JK alikuwa na shahada ya uchumi miaka 19 kabla ya kiti kile, na hata hivyo kilichobaki baada yake ni sheria na TRA, wala siyo gwanda.

Wewe unasemaje? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana!