Upinde wa Mabaki ya Mbao

Pita jioni kwenye karakana yoyote ya seremala mjini Baraka, Fizi, utakuta pembeni rundo la vipande vilivyokataliwa: vyembamba mno kwa mlango, vifupi mno kwa boti. Vingi huishia jikoni chini ya sufuria. Vikichaguliwa vizuri na kugandishwa kwa gundi, vipande hivyo vinatosha kutengeneza upinde wa kulengea shabaha, na kazi yote inafanyika uani.

Wazee wetu hawakuhitaji gundi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanachonga upinde kwenye fito moja hadi leo. Wambuti wa Ituri wana upinde mfupi wenye kamba ya kekele. Waata wa Tsavo, Kenya, walikuwa na pinde za kuangusha tembo kwa mishale ya sumu, na kuzivuta kulidai nguvu ya zaidi ya kilo 45. Wote walitegemea jicho la kuchagua mti: nyuzi zilizonyooka, bila fundo wala ufa. Hapa Fizi mti wa namna hiyo si wa kuuokota njiani. Ukipanda milimani kuutafuta, unaweza kujikuta ndani ya Hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa mwaka 2006. Upinde wa tabaka unakuondolea safari hiyo, kwa kuwa unataka mabanzi matatu tu yaliyonyooka.

Ukivuta upinde, upande unaoelekea shabaha unatanuka na upande unaokuelekea wewe unabanwa. Katikati mbao haitanuki sana wala haibanwi sana. Kwa hiyo mbele weka ubapa wa mwanzi ukiwa bado na ganda lake, maana nyuzi kali za mwanzi ziko hapo chini ya ganda. Nyuma weka mbao ngumu. Katikati weka mbao nyepesi ya kawaida, hapo pesa haihitajiki. Wajapani wanaunganisha mianzi na mbao hivyo hivyo tangu karne nyingi kwenye upinde wao wa yumi, ulio mrefu kuliko anayeupiga.

Kila banzi lipigwe randa hadi lilingane unene toka mwanzo hadi mwisho. Yabananishe mawili, uyaelekeze kwenye jua. Mwanga ukipenya katikati, rudia randa. Kisha kata kalibu ya mbao nene yenye umbo la upinde unaoutaka, uifunge plastiki ili gundi isiishike. Gundi iwe ya epoksi, ile ya kuchanganya kutoka chupa mbili. Ile nyeupe ya kutengenezea viti huanza kuteleza polepole upinde ukikaa umepindwa, na unyevu wa ziwa letu hapa Baraka hauisaidii. Kubania, huna haja ya jiriwa ishirini. Chana tyubu ya pikipiki iwe mikanda, uzungushe kuanzia katikati kwenda kwenye ncha huku ukivuta mpira. Gundi ikichuruzika kidogo pembeni mwa kila mzunguko, umebana vya kutosha. Ukikaza kupita kiasi unaikamua yote, na maungio yanabaki makavu.

Gundi ikishakomaa ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapa ndipo mwenye haraka anapoharibu. Nguvu ya upinde inafuata unene kwa namna ya kushangaza: unene ukiongezeka mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane, wakati upana ukiongezwa mara mbili ugumu nao huongezeka mara mbili tu. Ukipunguza milimita 15 kuwa 13.5, umekwisha kupoteza zaidi ya robo ya nguvu. Kwa hiyo punguza upana kwanza, unene mwishoni, kwa msasa. Tundika upinde ukutani ukiwa na kamba, uivute kidogo kidogo kwenda chini, kisha usimame mbali uangalie mikono yake miwili. Mkono unaopinda kidogo ndio wa kukwanguliwa. Unaopinda sana usiuguse. Mahali penye kona kali ndipo utakapovunjikia.

Kamba nayo ina mambo yake. Uzi wa nailoni wa nyavu uko tele ufukweni, lakini unanyumbuka na kuula mshale mwendo. Poliesta ni bora. Na usiachie kamba bila mshale, hata kwa mzaha: nguvu iliyokuwa iende na mshale inarudi kwenye mbao.

Kwa anayeanza, upinde wa kuvutwa kwa kilo 12 unatosha. Mkenya Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alishindana katika mchezo huu wa upinde, na shabaha ya Olimpiki iko mita 70. Wewe anzia mita 10, kwenye gunia lililoshindiliwa majani makavu, nyuma yake pawe na kichuguu au ukingo wa udongo. Ukienda mahali pa kulengea, ufungue kamba na uufunike upinde kwa kitambaa. Barabara zetu zimeona silaha za kutosha, na askari wa kizuizi cha barabarani hana sababu ya kujua kwamba wako ni wa mchezo.