Kiko cha Kwanza Huchaguliwa kama Chungu

Warundi hukiita kiko inkono y'itabi, yaani chungu cha tumbaku, na jina hilo lina mafunzo. Anayenunua kiko cha udongo kwa mara ya kwanza, iwe Gitega au Muyinga, asihadaike na nakshi. Na akigonge polepole kwa ukucha: kikilia sauti nyembamba, kimeiva motoni; sauti ikififia, kina ufa au ni kibichi. Kisha avute pumzi kikiwa kitupu; ikikwama, achague kingine. Kuta nene zamfaa, maana nyembamba huunguza vidole. Na mrija mrefu hupoza moshi.

Mfinyanzi, ambaye aghalabu ni Mtwa, apewe bei ya haki. Mabonde alikozoea kuchimba udongo yamekuwa yakigeuzwa mashamba, na vyombo vya plastiki na bati vimemnyang'anya wateja.

Hata hivyo, moshi uliopoa haukupungua sumu. Kiko huweza kuleta saratani ya midomo, ulimi na koo, hata kwa asiyemeza moshi. Kijana aliyependezwa na ufundi huo na akinunue, akitundike ukutani, kisitiwe tumbaku kamwe.