Mawasiliano ya Mtandao katika Darasa la Afya: Mgonjwa Awe wa Kwanza

Katika toleo hili tunaeleza jinsi vyuo vya afya vinavyoweza kutumia mawasiliano ya mtandao kufundishia, kwa faida na kwa usalama. Jambo hili linatugusa, kwani kuanzia hapa Kamunyonge na kata nyingine za Manispaa ya Musoma hadi Bunda na Butiama, sharika zetu zina vijana wanaosomea uuguzi, utabibu na maabara, na simu janja wanazo mfukoni. Sisi sote, kwa upande mwingine, ni wagonjwa wao wa leo au wa kesho.

Naomba nianze na kisa. Mwanachuo mmoja alikuwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Alimwona mama mwenye kidonda kikubwa cha mguu kilichotokana na kisukari. Akakipiga picha ili wenzake nao wajifunze, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nia yake ilikuwa njema, na kwa kadiri alivyojua alikuwa mwangalifu, maana uso wa mama haukuonekana. Lakini pembeni ya picha ilionekana sketi ya kitenge, nayo ilikuwa sare ya kwaya. Siku mbili hazikupita, picha ikamfikia mwanakwaya mwenzake. Akaitambua sare, na kwa kuwa alijua nani amelazwa wiki ile, akamtambua na mwenye mguu.

Mama yule hakuwa amemwambia mtu kwamba ana kisukari. Alipotoka hospitali aliacha kwaya, na kliniki ya kusafisha kidonda aliihudhuria mara moja tu. Kisa hiki alinieleza mwenyewe tulipokwenda kumtembelea nyumbani. Ameniruhusu nikiandike, mradi nisitaje jina lake, kwaya yake wala hospitali.

Je, tuseme basi simu zipigwe marufuku vyuoni? Hapana. Tukifanya hivyo tutapoteza mengi. Tuone kwanza faida ilikotoka.

Si jambo jipya

Wafanyakazi wa afya wa Afrika walianza kutafuta elimu kwa njia ya mawasiliano kabla intaneti haijaenea. Katika miaka ya 1990 shirika la SatelLife la Marekani, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown na wenzake, liliendesha mtandao wa HealthNet. Madaktari walitumiana barua pepe na kupokea taarifa za kitabibu, mwanzoni kwa msaada wa satelaiti ndogo iliyopita juu mara chache kwa siku. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizonufaika.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI. Kwa mpango huo, vyuo na hospitali za nchi kama yetu husoma majarida ya kitabibu bila malipo, ambayo kwingine hulipiwa fedha nyingi. Kinachotakiwa ni chuo kujiandikisha.

Mwaka 2005 jirani zetu wa Kenya walichukua hatua kubwa. Shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wao walianza mafunzo ya kompyuta kwa wauguzi wa ngazi ya cheti ili wapande hadi stashahada. Lengo lilikuwa kuwafikia wauguzi wapatao 22,000. Hesabu ilikuwa wazi: kuwaita wote darasani kungechukua miaka mingi mno, tena vituo vingebaki bila wahudumu. Kwa hiyo muuguzi alisoma huku akiendelea na kazi, na mafunzo ya vitendo akayafanya hospitalini chini ya msimamizi.

Hapa kwetu, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na intaneti ikaanza kuwa ya haraka zaidi. Mwaka 2010 chuo cha tiba cha KCMC mjini Moshi kilianza mradi pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ambao kati ya mambo mengine uliweka masomo kwenye mfumo wa kompyuta. Kisha Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona hadi tarehe 1 Juni. Hapo wakufunzi wengi waligeukia simu zao kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Shida ni kwamba walianza kwa dharura, na kanuni hazikupata nafasi ya kuandikwa.

Kila chombo na kazi yake

Vyombo vya mawasiliano vinavyotumika darasani tunaweza kuvigawa katika makundi matatu.

Kwanza, vyombo vya kukutana papo kwa papo, kama Zoom na Google Meet. Hivi vinafaa pale bingwa aliye Mwanza au Dar es Salaam anapotaka kuzungumza na darasa la Musoma. Mfano mzuri ni mpango wa ECHO, ulioanzishwa mwaka 2003 na Dk. Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, na ambao sasa unatumika pia Tanzania. Mhudumu wa kituo cha mbali anaeleza hali ya mgonjwa bila kumtaja jina, wenzake wa vituo vingine wanauliza, kisha mabingwa wanashauri. Mmoja anapata jibu, na wote wanajifunza.

Pili, vyombo vya kuhifadhi masomo, kama Moodle na Google Classroom. Mkufunzi anaweka humo notisi, mazoezi na majaribio, na mwanachuo anasoma kwa wakati wake. Mkufunzi anaona pia nani amefanya zoezi na nani hajafanya. Moodle ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002, na programu yenyewe haiuzwi.

Tatu, vyombo vya ujumbe, hasa WhatsApp. Hivi ni vyepesi, vya bei nafuu, na watu wamevizoea. Vinafaa kwa tangazo, swali fupi na ujumbe wa sauti.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuipa WhatsApp kazi zote tatu. Notisi za Jumatatu zinazama chini ya salamu za Jumanne, na kufikia mtihani hakuna anayeziona. Tena chombo hicho hupunguza ubora wa picha ili isafiri haraka. Picha ya eksirei ikipunguzwa hivyo, ufa mwembamba wa mfupa unaweza kupotea, na mwanachuo akafundishwa kuona pasipo kitu, au asione palipo na kitu.

Mfano wa somo moja

Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao Kanda ya Ziwa tunaufahamu kwa uchungu. Jumatatu mkufunzi anatuma maelezo mafupi kwa maandishi: mtoto wa miaka miwili ana homa, viganja na nyayo zimevimba na zinauma, macho yana umanjano, na kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Swali: utafanya nini, na ni jambo gani hutaki likupite?

Kila mwanachuo anamjibu mkufunzi peke yake kabla ya Jumatano. Hili ni muhimu, kwa sababu wakijibu kundini, wa kwanza akijibu wengine huandika kwamba wanakubaliana naye. Mkufunzi akisoma majibu anaweza kuona kwamba wengi wameishia kwenye malaria. Basi darasani Jumatano harudii notisi nzima. Anaingia moja kwa moja pale walipokwama: malaria itibiwe, lakini uvimbe ule wa mikono na miguu unadai kipimo cha selimundu na cha wingi wa damu. Homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura, kwani maambukizi ya bakteria yanaweza kumuua kwa muda mfupi. Ijumaa wanakwenda wodini kujifunza kushika bandama kwa mkono na kuangalia weupe wa kiganja.

Angalia hapo simu imefanya kazi gani. Imemwonyesha mkufunzi makosa ya wanafunzi mapema, na kuokoa muda wa darasa. Haikumfundisha mtu kushika bandama, wala haiwezi. Hali kadhalika kupima shinikizo la damu, kuchoma sindano, kupapasa tumbo la mjamzito na kumtuliza mtoto anayelia ni stadi za mikono na za moyo. Chuo kinachopunguza saa za wodini kwa kuwa masomo yako mtandaoni, kinaleta hasara ambayo mgonjwa ndiye atakayeilipa.

Picha inavyosafiri

Turudi kwenye kisa chetu. Watu wengi husema kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri na hakuna wa kati anayeusoma. Ni kweli, lakini kufuli hilo linalinda njia tu. Halilindi mwisho wa safari. Picha ikifika kwenye kundi la watu sitini, inaweza kujihifadhi yenyewe katika simu sitini, mahali pamoja na picha za harusi na za ubatizo. Simu hizo huazimwa na ndugu, huchezewa na watoto, hupelekwa kwa fundi, na nyingine huibwa. Mmoja akiisambaza, imetoka. Kuifuta kwako hakuiondoi kule ilikokwisha kuhifadhiwa au kusambazwa.

Aidha, kuficha uso hakutoshi. Katika mji kama wetu, mtu hutambulika kwa kitenge, kovu, sauti, kitanda alicholazwa au tarehe.

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, siri ya mgonjwa ilikuwa kiapo cha kazi. Mgonjwa asiyeamini kwamba siri yake itatunzwa hatasema ukweli, au hatakuja kabisa. Huyo hatibiki, hata dawa zikiwapo.

Mtandao unapokatika, na asiye na simu

Saa moja ya mkutano wa video inaweza kula mamia ya megabaiti, wakati maandishi ya somo lile lile hayafikii hata megabaiti chache. Kwa mwanachuo anayenunua kifurushi kwa fedha ya chakula, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo mkufunzi atangulize maandishi, kisha sauti, na video iwe ya mwisho, tena pale tu inapohitajika kuona mwendo wa kitu. Video ikibidi, itazamwe pamoja ukumbini kwa kompyuta moja na projekta.

Tukumbuke pia tarehe 12 Mei 2024, ambapo mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini na nchi yetu ikapata shida kubwa ya intaneti. Somo lisilo na nakala nje ya mtandao linaweza kukatika wakati wowote. Dawa ipo, nayo si ghali sana: kompyuta ndogo ndani ya chuo inaweza kubeba Moodle na vitabu, wanachuo wakasoma kwa simu zao kupitia mtandao wa ndani bila kununua kifurushi. Asiye na simu apewe nafasi kwenye chumba cha kompyuta, na tangazo lolote la kundini libandikwe pia ubaoni. Umaskini usiwe sababu ya kijana kukosa jaribio.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza

Tunawashauri wakufunzi, wanachuo na wasimamizi wa wodi wakae pamoja mwanzoni mwa muhula na kuandika makubaliano yafuatayo:

1. Picha, sauti au video ya mgonjwa haipigwi kwa simu binafsi. Ikihitajika kwa mafundisho, ipigwe kwa kibali cha hospitali na ridhaa ya maandishi ya mgonjwa, kwa kifaa cha taasisi.
2. Mgonjwa aelezwe wazi picha itaonwa na nani, na kwamba akikataa matibabu yake hayatapungua.
3. Maelezo ya mgonjwa kundini yasiwe na jina, kijiji, tarehe, namba ya faili wala kitanda.
4. Notisi na mazoezi yakae kwenye mfumo wa masomo; kundi la ujumbe liwe la matangazo na maswali.
5. Kundi liwe na mkufunzi msimamizi, na saa za kujibu zijulikane, ili naye apate kupumzika.
6. Kipimo au kiasi cha dawa kilichotumwa kundini kisitumike kwa mgonjwa mpaka kilinganishwe na mwongozo wa taifa wa matibabu na msimamizi wa wodi.
7. Anayekosea aseme mapema. Picha ikivuja, mgonjwa aambiwe na aombwe radhi.

Nanyi wazazi na washarika, mkipokea picha ya mgonjwa kutoka kokote, msiisambaze hata kwa kuombea. Mungu anamjua mgonjwa huyo bila picha.

Yule mwanachuo alikwenda na mkufunzi wake nyumbani kwa mama kuomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Mimi ningekubali wajifunze, ningevaa kanga tu." Sasa amerudi kliniki, na kidonda kinaendelea vizuri. Kwaya bado hajarudi.

Katika habari ya Msamaria Mwema tunaelezwa mafuta, divai, mnyama wa kupanda na fedha iliyolipwa kwa mwenye nyumba ya wageni. Jina la majeruhi hatuelezwi popote. Alihudumiwa, na siri yake ikabaki kwake. Tunawaombea vijana wetu walio vyuoni wawe wahudumu wa namna hiyo, wenye maarifa ya wakati huu na heshima ya wakati wote. Mungu awabariki.