Mupira hauharibiki siku ya moto



Safari hii sitaandika juu ya mihogo wala ugonjwa wa migomba, hata kama ndiyo kazi niliyosomea. Nataka kueleza kitu ambacho sikufundishwa hata siku moja katika miaka yote ya lisansi: mupira wa kuzimia moto. Aina zake, namna ya kuushika, namna ya kuutunza. Lakini kwanza niwaambie nilivyoujifunza, juu sikuujifunza kwa uzuri.

Nilikuwa nachunga pepinieri ya mboga ya kikundi kimoja cha wakulima, karibu na mto. Tulikuwa na motopompe ndogo ya esansi na mita 60 za mupira wa bluu, ule unaolala sawa mukanda ukiwa hauna maji. Ufunguo wa depo ulikaa mfukoni mwangu. Usiku mmoja wa kiangazi, nyumba ya mama mmoja jirani ikashika moto. Nyumba ya mbao, manjanja juu, na ndani magunia ya maharagwe aliyoyaweka akingojea bei ipande. Watu wakakimbilia mtoni na bidoni. Mimi nikakimbilia depo.

Motopompe ilikubali kuwaka. Maji yakapanda, tukashangilia. Kisha mupira ukapasuka kwenye kipande cha pili, palepale ulipokuwa umekunjwa tangu msimu uliopita. Tukafunga na kitambaa. Ukavuja pengine, panya walipokuwa wameutafuna. Watoto walitoka wazima, Mungu asifiwe. Lakini maharagwe, ndiyo kusema minerval ya mwaka mzima, yote yakawa mkaa. Mama hakuniambia kitu. Ni mzee mmoja aliyeniuliza asubuhi: "Agronomu, maji tulikuwa nayo. Mashini tulikuwa nayo. Sasa kilichokosa ni nini?"

Kilichokosa ni mtu wa kuchunga mupira. Na huyo mtu alikuwa mimi.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wengi tunafikiri moto ni kazi ya pompiye. Lakini angalia tunapoishi. Territoire ya Walikale peke yake inapita kilomita za mraba 23.000, sehemu kubwa ni pori, na barabara ya mvua munaijua. Masisi ni milima juu ya milima. Hata gari la kuzima moto likitoka Goma saa ileile, nyumba ya mbao haitalingojea. Moto wa mbao unaamuliwa katika dakika za kwanza, na katika dakika hizo watu waliopo ni majirani.

Na vifaa si kwamba havipo kabisa. Kwenye bustani za mboga kuna motopompe. Walikale, kwenye mashimo ya kasiterite na dhahabu, kuna motopompe za kutoa maji. Tukihesabu kidogo: mupira unaotoa litre 200 kwa dakika ni bidoni 10 za litre 20 kila dakika, bila mtu kupanda mlima na mzigo kichwani.

Mupira wa kuzimia moto ni kitu cha zamani. Katika miaka ya 1670, mjini Amsterdam, mchoraji mmoja anayeitwa Jan van der Heyden pamoja na ndugu yake walitengeneza mipira ya ngozi iliyoshonwa. Kabla ya hapo pompe ilirusha maji kutoka mbali, mengi yakipiga ukuta na paa. Mupira uliruhusu watu kusogea na kupiga moto kwenye shina lake. Hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo: kupeleka maji pale moto unapokula.

Aina nne za kujua

Ya kwanza ni mupira wa kunyonya. Ni mgumu, ndani una waya ao plastiki iliyozungushwa, ili usibanwe na hewa wakati mashini inavuta. Unatoka mtoni mpaka kwenye motopompe, basi. Kwenye ncha yake unawekwa krepini, ile chujio ya kuzuia mawe na majani. Krepini izame yote ndani ya maji, lakini isilale kwenye matope. Hewa ikiingia hata kidogo, mashini itapiga kelele bure.

Ya pili ni mupira bapa wa kumwagilia, wa plastiki, kama ule wetu wa bluu. Ni mwepesi na bei yake ni nafuu, lakini mara nyingi umetengenezwa kwa presio ndogo, bari 3 ao 4 hivi. Angalia maandishi yaliyo pembeni yake kabla ya kuufunga kwenye mashini yenye nguvu.

Ya tatu ni mupira bapa wa pompiye. Nje ni kitambaa kilichofumwa, siku hizi kwa nyuzi za poliesta. Ndani ni mupira laini unaozuia maji. Huu unavumilia bari 12 na zaidi. Katika nchi zinazofuata vipimo vya Ufaransa utakutana sana na upana wa milimita 45 na 70, na kipande kimoja mara nyingi ni mita 20.

Ya nne ni mupira mgumu wa kwenye gurudumu, unaouona kwenye majengo makubwa na kwenye magari ya kuzima moto. Wenyewe haulali, kwa hiyo unaweza kupitisha maji hata ukiwa haujafunguliwa wote. Mupira bapa haukubali hivyo: uutandaze wote kwanza, ndipo ufungue maji.

Tusisahau rakori, zile shaba ao aluminiamu za kuungia. Kuna za kuzungusha kwa nyuzi, na kuna za robo mzunguko, kama Storz na Guillemin, ambazo pande mbili zinafanana: hazina dume wala jike. Usiku, mikono ikitetemeka, hizo za robo mzunguko ni rahisi zaidi. Lakini jambo kubwa ni kuwa na aina moja. Kikundi kikinunua hizi na kikundi cha jirani zile, siku ya shida mipira yenu itaangaliana tu. Na ndani ya kila rakori kuna pete ndogo ya mupira. Ikipotea, rakori inavuja. Weka pete za akiba.

Hesabu kidogo, msikimbie

Maji yanapopita ndani ya mupira yanasugua kuta zake, na presio inapungua. Ukiongeza maji mara mbili, hasara inakuwa karibu mara nne. Upana nao una nguvu ya ajabu: kwa maji yaleyale na urefu uleule, mupira wa milimita 70 unapoteza presio karibu mara tisa chini ya ule wa 45. Ndiyo maana pompiye wanatumia mpana kwa safari ndefu, na mwembamba mwishoni, mkononi mwa mtu.

Sasa kwa nini usitumie mpana kila mahali? Juu ya uzito. Kipande cha mita 20 cha milimita 45 kikijaa kina kilo 32 hivi za maji. Cha 70 kina kilo 77. Jaribu kukivuta hicho kwenye mlima wa Masisi! Tandaza kikiwa kitupu, ndipo upeleke maji.

Mlima wenyewe unakula presio: kila mita 10 za kupanda zinachukua karibu bari 1. Motopompe ndogo ya bustani mara nyingi inasukuma mpaka mita 30 hivi, ndiyo kusema bari 3. Nyumba ikiwa mita 20 juu ya mto, inabaki bari 1, na msuguano haujachukua haki yake. Hapo usitegemee maji kuruka kama kwenye filamu. Acha motopompe ijaze bashi ao mapipa karibu na moto, halafu watu wachote hapo. Umeondoa mlima, hilo peke yake ni ushindi.

Tena, sisi tuko juu. Kwenye usawa wa bahari, hewa inaweza kusukuma maji ndani ya mupira wa kunyonya mpaka mita 10 kwa hesabu ya darasani. Kwenye mita 2.000 za mwinuko ni kama 8, na kwa kazi ya kweli usipite 5. Kwa hiyo shusha mashini karibu na mto. Kusukuma ni rahisi kuliko kunyonya.

Siku ya moto

Toa watu kwanza. Vitu ni baadaye.

Kwenye lansi wakae watu wawili: mmoja anaelekeza, wa pili yuko nyuma yake anabeba mupira. Fungua polepole, funga polepole. Ukifunga ghafla, maji yanayokimbia yanagonga kama nyundo, na ni hapo mupira unapasuka ao rakori inaruka. Usiachilie lansi ikiwa na presio. Itarukaruka sawa nyoka na inaweza kuvunja mtu meno.

Mtu mmoja atembee kando ya mupira wote akinyoosha mikunjo, juu mkunjo mmoja unaweza kusimamisha maji. Usipitishe mupira juu ya makaa wala kwenye kona za manjanja. Moto ao chukudu ikitaka kuvuka, weka mbao mbili pande zote za mupira, nene kuuzidi, gurudumu lipite juu yake.

Elekeza maji kwenye shina la moto, si kwenye moshi. Na nyumba za mbao zikikaribiana, wakati mwingine ile inayowaka imekwisha kupotea. Inauma kusema, lakini mwagia ya pili kwanza.

Kuna mahali maji yanakatazwa. Esansi ya wale kadhafi wa barabarani ikiwaka, maji yataitawanya; tumia mchanga. Na penye umeme, kata kwanza umeme.

Siku isiyo ya moto

Hapa ndipo nilipoanguka, basi nisome kwa sauti.

Baada ya kazi, osha mupira kwa maji safi na burashi laini. Kama umegusa mafuta, tumia sabuni kidogo. Kisha toa maji yote: inua ncha moja begani na utembee mpaka ncha ya pili.

Ukaushe kivulini, penye upepo. Sentre nyingi za pompiye huko nje zina mnara mrefu wa kuning'iniza mipira. Sisi tunatumia miti miwili ya ekalitisi na kamba. Jua kali linachosha plastiki, na unyevu unaleta ukungu kwenye kitambaa. Wa Walikale, kwenye mvua isiyokwisha, ning'inizeni chini ya baraza, na msiukunje mpaka muhakikishe umekauka.

Kunja katikati kwanza, halafu zungusha kama chapati, rakori zote mbili zibaki nje. Na kila mara badilisha mahali pa mkunjo. Mupira unaokunjwa palepale unapasuka palepale. Hilo siku hizi silihitaji kuandikiwa.

Uweke juu ya mbao, si chini, mbali na panya. Na hapa naongea na waagronomu wenzangu: depo yetu ndiyo ileile ya angre, dawa za wadudu na esansi. Vyote hivyo vinaharibu mupira. Utafutie chumba chake ao ukuta wake.

Mupira uliotoboka usiufunge na kitambaa. Kata kipande kibovu, unganisha kwa rakori na kolie. Utakuwa mfupi, lakini utakuwa wa kweli.

Mwisho, ujaribu. Kanuni za Marekani zinadai mipira ya pompiye ipimwe kila mwaka kwa presio. Sisi tumechagua kila miezi mitatu: tunautandaza, tunapeleka maji, mtu anatembea kando yake na chaki. Kila kipande kina namba, na kila namba ina mstari wake katika kaye.

Leo

Katika zile mita 60, tulikata mabovu tukabaki na 41. Tangu hapo kaye yetu haijaruka jaribio hata moja. Anayeiandika ni yule mama. Mara ya kwanza nilipompelekea niliona aibu kumtazama. Alifungua ukurasa, akasoma namba moja moja, akaniuliza kwa nini kipande namba 2 hakijakauka bado. Nikakirudisha kwenye kamba.

Ufunguo mmoja wa depo uko kwangu. Wa pili uko kwake.

Na wewe unayesoma hapa, uwe wa agronomi, wa sheria ao wa ualimu: ukifika kwenu, uliza kama kuna motopompe, uliza mupira wake uko wapi, kisha uombe waufungue mbele yako. Ukikuta umekunjwa wakati bado umeloa, ujue moto umekwisha kuanza.