Ufunguo, Kuni na Mbwa Aitwaye Plume

Tuseme leo shangazi yako anayeishi Bordeaux amekupigia simu. "Mwanangu, tia sweta zote kwenye begi. Tumepewa nyumba ya kukaa Périgord mpaka Januari, na ndani yake yumo mbwa." Wewe unaruka kwa furaha, likizo ya bure! Shangazi anacheka, kwa sababu kazi hiyo ameshaifanya.

Mambo yenyewe huwa hivi. Wenye nyumba wanasafiri, pengine kwenda kuwaona wajukuu. Hawataki nyumba ya shamba ibaki tupu katikati ya baridi, wala hawataki mbwa wao apelekwe kulala kwenye mabanda ya kulipia. Basi wanatafuta mtu wa kukaa humo. Mtu huyo halipi kodi wala halipwi mshahara. Anawasha moto, anamlisha mbwa, anafungua na kufunga madirisha. Wengi wakishasikia neno "bure", yanayofuata hawayasikii tena.

Périgord iko kusini-magharibi mwa Ufaransa, mashariki ya Bordeaux. Ukitaka kuielewa baridi yake, chukua tufe la dunia. Weka kidole kimoja kwenye Ikweta, ile inayokata Kenya na Uganda, na kingine kwenye Ncha ya Kaskazini. Périgord iko karibu katikati kabisa ya vidole vyako, kwenye nyuzi 45 kaskazini. Dunia yetu imeinama, na mwezi Desemba upande huo wa kaskazini unakuwa umelipa jua kisogo. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huko huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja na robo jioni limeshazama. Hata adhuhuri halipandi juu. Linabaki chini, mahali ambapo jua la Kampala huwa saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kama una kazi ya nje, ifanye mchana. Usiseme "nitafanya jioni", maana jioni ni usiku.

Sasa moto. Nyumba za zamani za huko zimejengwa kwa mawe, kuta zake nene nusu mita na zaidi. Kuta hizo zikishapoa, kuzipasha tena ni kazi ya siku kadhaa, ndiyo maana jiko la kuni la chuma lililoko sebuleni haliachwi likazimika hovyo. Kuni huuzwa kwa kipimo kiitwacho stère: rundo lenye mita moja kwenda juu, mita moja kwenda mbele na mita moja kwenda pembeni. Kuni nzuri ni za mwaloni, lakini mwaloni uliokatwa juzi haufai kitu. Hupasuliwa ukapangwa mahali penye upepo kwa kiasi cha miaka miwili ndipo ukauke. Ukiuchoma mbichi, moto unatumia nguvu zake kwanza kuchemsha maji yaliyomo ndani ya mti, wewe unabaki na moshi tu. Moshi huo huganda ndani ya dohani ukawa utando mweusi wa masizi, na utando huo siku moja unaweza kushika moto wenyewe. Ndiyo maana kuna fundi wa kusafisha dohani, anayekuja kila mwaka na brashi zake ndefu.

Shangazi atakufundisha kuzitambua kuni kavu. Gonganisha vipande viwili vya kuni. Vikitoa mlio mkali, vimekauka. Vikitoa mlio mzito uliozibwa, virudishe kwenye rundo. Atakuonya pia kuhusu majivu: yanatolewa kwa ndoo ya chuma na kuwekwa nje, mbali na ukuta, kwa kuwa kaa dogo linaweza kujificha ndani yake likaishi mpaka kesho. Na yale matundu ya hewa ukutani, hata yakipitisha baridi, usiyazibe kwa nguo. Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Kisha kuna maji. Vitu vingi vikipoa husinyaa, ila maji yanapoganda hutanuka kwa kama asilimia 9. Barafu ikijifunga ndani ya bomba, bomba linapasuka, na hutajua mpaka hali ya hewa ipate joto na maji yaanze kumwagika darini. Kama kwenu kuna friji lenye sehemu ya kugandisha, jaza maji chupa ndogo ya plastiki mpaka juu, ifunge, iweke humo usiku kucha. Asubuhi itazame ilivyovimba. Chupa ya kioo usijaribu kabisa. Dawa ya mabomba ni mbili tu: joto ndani ya nyumba, na kujua mahali ilipo koki kuu ya kufunga maji. Mlinzi wa nyumba asiyejua koki iko wapi hajaanza kazi.

Nimechelewa kufika kwa Plume, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

Najua baadhi yenu mmeshakunja uso: mbwa, ndani ya nyumba? Kwetu wengi mbwa hukaa uani, na wako ambao kwa dini yao hawamgusi. Huko mbwa wa nyumbani hulala karibu na jiko, na ukishapokea ufunguo wa mtu unafuata desturi ya nyumba yake, si ya kwenu. Kama huwezi, unakataa mapema, na kukataa si kosa. Lakini ukikubali utaona kwamba mwenyeji ni Plume na mgeni ni wewe. Anajua saa ya chakula kuliko simu yako. Anajua mlango upi unaitikia ukisukumwa, na mbwa yupi wa jirani ana hasira. Asubuhi atasimama mlangoni akikutazama mpaka uvae mabuti.

Matembezini mvalishe kizibao cha rangi ya machungwa na umfunge kamba, kwani huo ni msimu wa kuwinda. Wanakijiji husaka nguruwe mwitu msituni kwa bunduki, mara nyingi siku za mwisho wa wiki, na huweka vibao kando ya barabara kutangaza kwamba uwindaji unaendelea. Ukikuta kibao, geuza. Plume atalalamika, mwache alalamike.

Huenda akakuvuta chini ya mwaloni ambako nyasi zimekauka kwa duara, kana kwamba mtu amezichoma. Chini ya duara la namna hiyo hukua truffe, uyoga mweusi unaoishi udongoni ukishikana na mizizi ya mti. Huiva wakati huu wa baridi, na kilo moja huuzwa kwa mamia ya yuro. Binadamu hawezi kuunusa akiwa juu ya ardhi. Mbwa aliyefunzwa anaweza. Zamani walitumia nguruwe, ila nguruwe anaupenda uyoga huo kuliko bwana wake, akiupata anaumeza. Mbwa anaridhika na kipande cha jibini. Nawe kumbuka kwamba uyoga ni mali ya mwenye shamba.

Mbwa wa Périgord wana sifa nyingine kubwa zaidi. Mwezi Septemba 1940, karibu na kijiji cha Montignac, kijana wa miaka 18 aitwaye Marcel Ravidat alikuwa akitembea na mbwa wake, Robot. Husimuliwa kwamba Robot alipotelea kwenye shimo lililoachwa na mti ulioanguka, na Marcel alipomfuata akahisi chini yake kuna uwazi. Tarehe 12 alirudi na wenzake watatu, wakapanua shimo, wakateleza ndani na taa yao. Walipoiinua, waliona ng'ombe dume, farasi na kulungu wamechorwa ukutani, dume mmoja ana urefu wa zaidi ya mita tano. Hilo ndilo pango la Lascaux, na michoro yake ina umri wa miaka ipatayo 17,000. Wapo wanaosema sehemu ya mbwa imetiwa chumvi. Mimi naipenda hivyo hivyo. Pumzi za watalii zilianza kuiharibu michoro, hivyo pango likafungwa mwaka 1963, na leo watu huonyeshwa nakala iliyojengwa jirani. Kama wenye nyumba wamewaachia gari, mwombe shangazi akupeleke.

Kijijini kwenyewe adabu ni kama za kwetu: ukiingia dukani kwa mwoka mikate, salamu kwanza, "Bonjour, Madame", mkate baadaye. Plume akibweka mlangoni mwezi Desemba, huenda ni tarishi au wazima moto wanaopita kuuza kalenda za mwaka mpya. Kila mtu hutoa anachoweza. Na jirani akiwaalika kula keki ya Wafalme ya mwezi Januari, mtoto mdogo kuliko wote huingia chini ya meza na kutaja kila kipande ni cha nani. Ndani ya keki hufichwa kitu kidogo cha kauri, anayekipata huvikwa taji la karatasi. Usimpe Plume keki hiyo, atakimeza. Chokoleti pia usimpe, ni sumu kwa mbwa.

Sasa swali lenu. Ufaransa mbwa wa ukoo ulioandikishwa hupewa jina linaloanza na herufi ya mwaka aliozaliwa, na herufi K, Q, W, X, Y na Z hazitumiki. Plume alizaliwa mwaka 2019, mwaka wa P. Rafiki yake wa shamba la pili anaitwa Tango. Amezaliwa mwaka gani? Ukijibu 2023, umesahau kuiruka Q.