Mswada si Sheria

Barazani twasikia watu wakilaumiana juu ya “sheria mpya”, ilhali kilichopo ni mswada. Kwetu Waswahili neno hili si geni: asili yake ni Kiarabu, musawwada, yaani rasimu, lenye mzizi mmoja na neno la weusi. Basi rasimu hufutika.

Bungeni mswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza hutajwa jina tu, pasi na mjadala. Kisha kamati huupokea na kuwaita wananchi watoe maoni, kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyoagiza. Mlango wetu ni huo, nao haukai wazi muda mrefu. Mara ya pili wabunge hujadili. Ya tatu hupitisha. Rais ana siku 14 autie saini au aurudishe.