Majengo, Goma: Kwa nini simu ndogo ya tochi bado ina kazi

Katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, kaskazini mwa mji wa Goma, si ajabu kumuona mtu mmoja mwenye simu mbili. Moja ni Android, ya WhatsApp, Facebook na TikTok. Nyingine ni simu ndogo ya tochi, yenye butoni za kubonyeza, pengine imefungwa mpira ili betri isitoke. Ya kwanza ndiyo inayoonyeshwa kwa marafiki. Ya pili ndiyo inayotunza pesa.

Ulaya na Marekani, kuna watu wanaonunua simu ndogo kwa kusudi, ili wapumzike na simu kubwa isiyowaachia usiku wala mchana. Huko ni jambo la kuchagua. Majengo, simu ndogo haijawahi kuondoka. Lakini swali lenyewe limefika hapa pia: kati ya mtu na simu, nani anamtumikia mwenzake? Na mtu akitaka kuizima Android yake, anaweza kufanya hivyo katika mji ambako habari za usalama zinapitia humo humo?

Simu ya vumbi na giza

Simu ya tochi haikuja kwa bahati. Mwaka 2003, kampuni ya Nokia ya Finland ilitoa simu iitwayo Nokia 1100, iliyofikiriwa kwa ajili ya nchi zenye vumbi na umeme wa shida. Butoni zake zilifunikwa ili vumbi lisiingie, na juu yake pakawekwa tochi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Miaka kumi baadaye, Februari 2013, Nokia ilitangaza nyingine, Nokia 105, kwa bei ya euro 15, ikisema kwamba betri yake inaweza kukaa hadi siku 35 kama simu haitumiwi.

Leo majina yanayojulikana zaidi sokoni ni Itel na Tecno, ya kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen, China. Kampuni hiyo hiyo inauza Android na simu ndogo, kwa sababu inajua kwamba wanunuzi wa Afrika wanahitaji zote mbili.

Kidole kisichosimama

Simu kubwa inamshika mtu kwa njia gani? Zamani, ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, ulilazimika kubonyeza ili uendelee, na hapo ulipata nafasi ya kujiuliza kama kweli unataka kuendelea. Mwaka 2006, Mmarekani Aza Raskin alibuni njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila kidole kinaposhuka. Baadaye yeye mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba anajutia matokeo ya kazi hiyo. Mitandao mikubwa inaishi kwa matangazo: kadiri mtu anavyokawia kwenye kioo, ndivyo wanavyopata faida.

Lakini kwa mkaaji wa Majengo, sababu ya kushika simu kila dakika si video za kuchekesha peke yake. Kuna kikundi cha WhatsApp cha familia, cha avenyu, cha kanisa, cha wanafunzi wa chuo, cha AVEC ya kuweka akiba. Mlio ukisikika, mtu hawezi kujua kama ni utani au kama ni habari ya risasi upande wa Buhene. Basi anafungua. Na akishafungua kwa ajili ya ujumbe mmoja, nusu saa inapita.

Ndiyo maana shauri la kuwaambia watu waache simu, kama linavyotolewa katika miji yenye amani, halitoshi hapa. Hofu ina sababu zake.

Habari ya kuokoa, habari ya kupoteza

Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima wa Nyiragongo ulilipuka, na lava ikasimama Buhene, kwenye mlango wa mji. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, Liwali wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke mara moja. Majengo ilikuwa kwenye orodha. Maelfu ya watu walibeba watoto na godoro kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Siku kama hiyo, aliyechelewa kupata tangazo alichelewa pia kupata njia.

Lakini njia inayoleta tangazo la kweli ndiyo inayoleta uongo. Kivu ya Kaskazini ililiona hilo wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, ugonjwa ulipoua watu 2,287 mashariki mwa nchi. Septemba 2018, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo walisema kwamba hawaamini kuwa Ebola ipo. Uvumi ulipita midomoni, sokoni na kwenye simu, na wengine walikataa chanjo na wauguzi.

WhatsApp yenyewe ilikubali kwamba kuna tatizo. Januari 2019 ilipunguza mara ambazo ujumbe unaweza kupelekwa kwingine, isiwe zaidi ya vikundi au watu watano kwa mara moja. Aprili 2020 ilizidi kukaza: ujumbe uliokwisha kuzungushwa mara nyingi unaweza kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Kwenye simu ndogo shida hiyo ni kidogo. Mwenye habari ya kumpa mtu wa simu ya tochi, asipomwandikia SMS, anampigia na kusema kwa sauti yake. Anayesema kwa sauti yake anajulikana, na anaweza kuulizwa: wewe umeona, au umeambiwa?

Umeme ulipokatika

Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipochukua mji wa Goma, umeme ulikatika, maji yakakosekana, intaneti nayo ikapotea. Katika hali ya namna hiyo, Android inakufa siku ile ile ya kwanza. Simu ya tochi yenye betri iliyojaa inaweza kuamka kesho na kesho kutwa, na usiku inamulika nyumba.

Baada ya hapo benki za mji zilifunga milango. Kwa familia nyingi, pesa ya mshahara, ya ndugu aliye Kinshasa au Kampala, na hata ya biashara ilibaki na mlango mmoja: simu. M-Pesa ya Vodacom iko Congo tangu mwaka 2012, na kuna Airtel Money na Orange Money pia. Jambo ambalo vijana wengi wanalisahau ni kwamba huduma hizo hazihitaji intaneti. Mtu anapiga *1122# kwenye simu ya butoni, anafuata namba zinazoonekana, pesa inaondoka au inaingia. Mama muuza makala anayejua kusoma tarakimu anaweza kulipwa bila kuwa na mega hata moja.

Hapo ndipo sababu ya kugawa simu inapoeleweka. Laini ya pesa ikikaa katika Android, iko pamoja na picha, video, betri inayoisha upesi na kioo kinachowavuta wezi. Ikikaa katika simu ndogo, mwizi wa njiani ana hamu kidogo, na chaji inabaki kwa ajili ya pesa.

Hata hivyo simu ndogo si ngao ya kila kitu. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ni SMS zilizokatwa nchini kwa wiki kadhaa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilizimwa karibu siku 20. Na mnara wa mtandao ukizimika, simu zote mbili zinakuwa sawa, isipokuwa kwamba moja bado inaweza kumulika.

Bei ya kila siku

Kuna pia hesabu ya mfuko. Mwaka 2020 serikali ilipoleta kodi ya RAM, ya kuandikisha simu, yenyewe ilitenganisha simu hizi mbili: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Pesa zilikatwa moja kwa moja kwenye unite za mteja. Wananchi walilalamika, vijana wa harakati ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, wakiwa miongoni mwao, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa.

Kodi imekwenda, gharama zimebaki. Android inakula mega hata ikiwa mfukoni, kwa sababu programu zinajifungua na video zinajipakua. Inataka chaji kila siku, na nyumba isiyo na umeme inalipia chaji hiyo. Kioo kikivunjika kwenye mawe ya lava ya Majengo, kukibadilisha kunaweza kugharimu kuliko kununua simu ya tochi mpya.

Kinachopotea

Mtu akiiweka Android kando kabisa, anapoteza mengi pia. Mama anayeuza vitenge anaonyesha bidhaa kwenye WhatsApp. Mwanafunzi anapokea syllabus kwa simu. Familia yenye mtoto Kanada au Uganda inamuona uso kwa bei ya mega chache, wakati kumpigia kwa unite ni ghali sana. Na kijana anayetafuta kazi bila barua pepe anabaki nyuma.

Kwa watoto, nchi nyingine zimekwisha kuweka mipaka. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na collège kwa sheria ya mwaka 2018, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilizitaka nchi zikubali simu shuleni pale tu inaposaidia masomo. Nyumbani, mlinzi ni mzazi, na mzazi anayekula akitazama kioo hana la kumwambia mtoto wake.

Njia ya kati

Kwa hiyo mkaaji wa Majengo anaweza kuanza na mambo madogo. Laini ya pesa iwekwe katika simu ndogo, na namba ya siri isijulikane hata na mtu wa kabini. Kwa kila simu, piga *#06#, uandike namba inayotokea kwenye daftari; itasaidia kama simu imeibwa. Namba za ndugu watano ziandikwe kwenye karatasi pia.

Vikundi vya WhatsApp vizimwe mlio, kisha vifunguliwe kwa saa zinazojulikana: asubuhi kabla ya kutoka, na jioni baada ya chakula. Ujumbe wa kutisha usipelekwe kwingine kabla ya kumpigia mtu mmoja anayeishi mahali panapotajwa. Katika nyumba, mtu mmoja anaweza kubaki na kazi ya kufuatilia habari, ili wengine walale.

Na saa tatu usiku, mega zizimwe, Android ichajiwe mbali na kitanda kama umeme upo. Simu ya tochi ibaki karibu na mto, mlio wake ukiwa juu. Jirani mwenye habari ya haraka kweli hataandika kwenye kikundi. Atapiga simu, au atagonga mlango.